Mmea Utambaao Nyumbani

Mmea utambaao hauna nguvu ya kusimama wenyewe, wala hauoni haya kuegemea. Ukipata mti huparamia mti, ukipata ukuta huparamia ukuta, na ukikosa vyote viwili hutambaa chini huku ukitafuta. Katika nchi za Ulaya, ulio mashuhuri kwa kufugwa nyumbani ni ule ambao wana-elimu ya mimea huuita Hedera helix. Ni mwana wa kivuli na baridi. Uletwapo pwani ya Lindi huishi kwa taabu: joto huulegeza, kando za majani hukauka, na utitiri mwekundu hufuma utando chini ya jani mpaka hapana la kuokoa. Mpandaji hana lawama.

Katika nchi za joto nafasi yake imeshikwa na mmea mwingine, Epipremnum aureum, wenye jani la umbo la moyo na mabaka ya manjano. Asili yake ni kisiwa cha Moorea katika bahari ya Pasifiki. Ajabu yake ni kwamba karibu haujui kuchanua: mara ya mwisho ulipojulikana kutoa ua wenyewe ilikuwa mwaka 1964, na uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba umepungukiwa na kichocheo cha maua. Basi huenea kwa kukatwa. Kila ulioko dirishani ni kipande cha mwingine, kilichopokewa mkono kwa mkono.

Kipande kama hicho kiliingia katika nyumba moja ya Kilwa Masoko kikiwa ndani ya chupa ya maji. Kilitoka Mtwara, kwa binti aliyeondoka kwa ugomvi na baba yake, na kwa muda wa miaka mitatu hakuwa ameleta hata salamu. Chupa ilikuwa ya mama. Baba hakutajwa.

Mama alikitunza kama mgonjwa. Jua la dirishani lilipounguza jani la kwanza, alikisogeza ndani, mahali penye mwanga pasipo jua. Kilipotoa mizizi alikihamishia katika ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, kwenye udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, na ncha za majani zikaanza kugeuka rangi ya kahawia. Tangu hapo akawa anakinga maji ya mvua. Kabla ya kumwagilia alitia kidole udongoni, na akikuta unyevu aliacha, kwa kuwa mimea ya nyumbani aghalabu hufa kwa kunyweshwa kupita kiasi kuliko kwa kiu. Vumbi la majani alilifuta kwa kitambaa kibichi. Ndoo aliiweka juu ya kabati, maana utomvu wa mmea huo huwasha kinywa, na wajukuu hawakosi kuonja.

Siku shina lilipogusa ukuta na kutoa vijizizi vya kushikia, mume alisema likatwe.

Mume alikuwa fundi wa chokaa, na sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika magofu ya Kilwa Kisiwani. Mji ule Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na zilipokosa wenyewe, ndege walidondosha juu yake mbegu za miti ya jamii ya mkuyu. Mzizi huingia ufani ukiwa mwembamba kama uzi. Ukinenepa, jiwe hutengana na jiwe. Kuung'oa ni kuuangusha ukuta pamoja nao. Hukatwa, huachwa ufe, kisha ufa hujazwa chokaa polepole. Magofu hayo pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na hayakuondolewa humo ila mwaka 2014. Fundi aliyajua hayo kwa mikono yake.

"Bwana, haya ni majani tu," mama alisema.

"Na ule wa Husuni Kubwa ulikuwa mbegu tu."

Wataalamu wa Oxford wamekwisha onyesha kwamba mtambazi wa Ulaya huweza hata kuuhifadhi ukuta usio na ufa dhidi ya joto na baridi. Lakini mtu aliyeziba nyufa miaka mingi haamini kwamba upo ukuta usio na ufa. Mama naye hakusikia habari za ukuta. Alisikia binti akifukuzwa mara ya pili. Siku mbili chakula kiliandaliwa bila neno.

Siku ya tatu fundi alirudi na kijiti cha mkoko, akakizungushia makumbi ya nazi na kukifunga kwa kamba, akakisimika katikati ya ndoo. Akabandua vijizizi ukutani kimoja kimoja kwa kisu butu, akaliegemeza shina kwenye makumbi. Kila asubuhi aliyanyunyizia maji. Majani mapya yalitoka makubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa mmea huu hukuza jani kadiri upandavyo juu, na uninginiapo hulipunguza.

Masika ilipokwisha alikata kipande chini ya kifundo, akakitia katika chupa ile ile. Alikwenda nacho mwenyewe mpaka Nangurukuru kungoja basi la Mtwara, akamsihi utingo asiilaze chupa, na alipoulizwa imetoka kwa nani, akasema, "Mwambie ni kwa baba yake."