Harambee ya Mississippi

Neno harambee limesafiri mbali kuliko wengi wa wenyewe wanavyojua. Lilikuwa wito wa watu wavutao mzigo mzito kwa pamoja. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta akalifanya kuwa mwito wa taifa jipya, na leo limeandikwa kwenye nembo ya Kenya, ingawa mtu wa Nairobi akialikwa kwenye harambee hutia mkono mfukoni kwanza. Ng'ambo ya bahari, katika miji na vijiji vya Marekani, neno hilohilo lina kazi nyingine. Kwa muda wa wiki sita za majira ya joto, wakati shule za kawaida zimefungwa, watoto wa familia zenye kipato kidogo, wengi wao Weusi, hukusanyika ukumbini kila asubuhi ya masomo na kufanya kitu kiitwacho Harambee. Ni nusu saa tu. Huimba na kupiga makofi, humsikiliza mgeni akiwasomea kitabu kwa sauti, husifiana kwa jema lililotendwa, kisha hunyamaza kimya kwa muda mfupi. Baada ya hapo ndipo huingia madarasani kusoma.

Hizo ni Shule za Uhuru za shirika la Children's Defense Fund, lililoasisiwa mwaka 1973 na wakili Marian Wright Edelman. Watoto humo huitwa wanazuoni, na kila kumi hivi huwa chini ya uangalizi wa kijana mmoja wa chuo kikuu. Hupewa vitabu wakaviweke nyumbani, viwe vyao. Kila wiki ina mada yake, na mada hizo hutanuka kama viwimbi vya maji yaliyotupiwa jiwe: nafsi, familia, jamii, nchi, ulimwengu. Alasiri huwa ni ya michezo, sanaa na ziara, na mwisho wa yote kuna sherehe ambapo kila darasa huwaonyesha wazazi lililojifunza. Hoja ya msingi ni nyepesi kuielewa: likizo ni ndefu, na mtoto asiye na kitabu nyumbani hurudi shuleni akiwa amesahau.

Lakini jina la shule hizi, Shule za Uhuru, halikubuniwa kwa ajili ya likizo na vitabu. Ni la urithi, na asili yake ni Mississippi mwaka 1964.

Katika jimbo hilo, zama hizo, serikali ilimtumia mtoto Mweupe takriban dola 80 kwa mwaka na mtoto Mweusi dola 20 na kidogo. Katika bonde la pamba kalenda yenyewe ya shule za Weusi ilifuata shamba: zilifungwa msimu wa mavuno ili mikono midogo ipatikane kwa kuchuma. Mwishoni mwa mwaka 1963 Charles Cobb, kijana wa jumuiya ya wanafunzi wanaharakati iliyojulikana kwa herufi SNCC, alipendekeza zifunguliwe shule za majira ya joto ambamo watoto wangefundishwa kile ambacho shule za serikali hazikuthubutu kukigusa, na kubwa zaidi, wangefundishwa kuuliza. Staughton Lynd, mwanahistoria, akapewa kazi ya kuziratibu. Walitarajiwa wanafunzi 1,000. Wakaja zaidi ya 2,000, katika shule zipatazo 40, na miongoni mwao walikuwamo watu wazima waliotaka kujua kusoma kabla hawajafa.

Masomo yalikuwa mchanganyiko wa ajabu: historia ya watu Weusi, hesabu, Kifaransa, kupiga taipu, kutunga mashairi. Moyo wake ulikuwa mtaala wa uraia, uliojengwa juu ya maswali badala ya majibu. Mtoto aliulizwa ni kitu gani walicho nacho Weupe ambacho angekitaka, kipi asingekitaka, na kipi cha kwao wenyewe ambacho wangependa kukihifadhi. Hilo la mwisho ni swali ambalo hata watu wa visiwa wangefaa kuulizwa shuleni, na hawajaulizwa vya kutosha. Mwalimu, aghalabu mwanachuo Mweupe aliyetoka kaskazini, alikatazwa kuhutubu. Alikaa na wanafunzi duarani na kusikiliza.

Yote haya hayakufanyika kwa amani. Tarehe 16 Juni, 1964, kanisa la Mount Zion katika kitongoji cha Longdale lilichomwa moto. Waumini wake walikuwa wamekubali shule ifunguliwe humo. Siku tano baadaye vijana watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, walikwenda kuliangalia jivu lake, na hawakurudi. Miili yao ilifukuliwa tarehe 4 Agosti ndani ya tuta la bwawa.

Huko McComb, kusini ya jimbo, usiku wa kuamkia tarehe 8 Julai, nyumba waliyokaa wanaharakati ililipuliwa kwa bomu. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kutoa kanisa wala ukumbi. Basi shule ikaanza nje, juu ya nyasi, kando ya nyumba iliyobomolewa. Msichana mmoja, mwanafunzi, bado hajafika miaka ishirini, akaandika shairi. Halikuwa shairi la kuusifu uhuru kwa mbali kama mtu asifuye mwezi. Liliwasuta wakubwa wa mji wake mwenyewe, kwamba mtu amewajia kwa ajili yao, kapita katika moshi wa mabomu, nao wamemfungia mlango. Shairi likasomwa mbele ya watu, likachapwa katika gazeti la shule. Haukupita muda mrefu kanisa likafunguliwa, na wanafunzi wakapindukia mia.

Wasomaji waliolelewa katika majibizano ya malenga hawatalistaajabia hili. Muyaka bin Haji alipokuwa akitunga kwa upande wa Wamazrui dhidi ya Sayyid Said, watu wa Mombasa hawakuuliza shairi lina faida gani. Lilikuwa na faida kama jahazi lilivyo na faida. Kinachostaajabisha kuhusu McComb ni umri wa mtunzi, na kwamba shule iliyompa nafasi ya kutunga haikuwa hata na paa.

Mambo mengine yalitokea kwa kasi majira yale. Huko Holly Springs wanafunzi walitunga mchezo wa kuigiza juu ya maisha na kifo cha Medgar Evers, aliyeuawa mwaka mmoja nyuma. Huko Meridian, mapema Agosti, wajumbe wa shule zote walikutana na kupitisha maazimio juu ya nyumba, afya, mishahara na elimu, kama bunge; na siku hizohizo, katika mji huohuo, Chaney akazikwa kwao. Huko Hattiesburg, tarehe 14 Agosti, mwalimu Sandra Adickes aliongozana na wanafunzi wake sita hadi maktaba ya umma. Waliomba kadi za kuazimia vitabu. Walinyimwa, na maktaba ikafungwa kabisa kuliko kuwaazima. Mwalimu mwenyewe alikamatwa siku ileile kwa kosa la uzururaji, baada ya duka moja kukataa kumpa chakula akiwa pamoja nao. Mwaka 1970 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kuwa madai yake dhidi ya duka hilo yana haki ya kusikilizwa.

Ukiliweka tukio hilo la maktaba kando ya Harambee za leo, ndipo unapoona kwa nini kitabu hutolewa kwa shangwe kubwa namna ile, makofi na nyimbo, kama mtu atoaye mahari. Mgeni anaweza kuona makelele yamezidi, na pengine yamezidi kweli. Lililo zito ni lile linalofuata, pale kijana wa chuo anapokaa na watoto kumi wakakizungumza kitabu walichokisoma. Shule ikibaki na nyimbo bila ya maswali, itakuwa imerithi jina tu.

Mwaka 1965 SNCC ilikusanya mashairi ya wanafunzi wale katika kijitabu, na dibaji ikaandikwa na Langston Hughes, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa washairi Weusi mashuhuri kupita wote. Hughes alifariki mwaka 1967. Huko Clinton, Tennessee, katika shamba lililokuwa la Alex Haley, mwandishi wa Roots, shamba ambalo Children's Defense Fund ililinunua mwaka 1994, kuna ghala la mbao la karne ya 19 lililosimama juu ya vihenge viwili vya mahindi. Msanifu Maya Lin aliligeuza ndani bila ya kuliharibu sura, na mwaka 1999 likafunguliwa likiwa maktaba, kwa jina la Langston Hughes.