Mgaagaa na Upwa

Wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo nilizifundisha darasani kwa zaidi ya miaka 30 bila kutambua kwamba zina ugomvi. Ya kwanza husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya pili husema: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ile ya kwanza humpa heshima mtu aliyetulia mahali pamoja akainamia ardhi. Hii ya pili humpa heshima mtu ambaye jirani zake wangemwita mzururaji: ashinda ufukweni, hana jembe, hana msimamizi, wala haitazami saa, lakini jioni chungu chake kina kitoweo. Mjukuu wangu ndiye aliyenilazimisha kuamua kati ya methali hizo mbili.

Kijana huyo, mtoto wa binti yangu, alipomaliza kidato cha nne hakungoja hata matokeo ya mtihani. Alikwenda dago. Msomaji wa bara huenda asilijue neno hili. Dago ni kambi ya wavuvi wanaohama kuwafuata samaki kwa majira ya pepo. Watu wa Kojani, kule Pemba, wamejulikana tangu zamani kwa safari hizi. Huvuka bahari mpaka Mafia, Kilwa na Mtwara, na upande wa kaskazini hufika pwani ya Kenya. Lakini baba wa kijana, ambaye ni mkulima wa minazi na mihogo, hakutaka kusikia habari hizo. Alisema, "Mzee, nimesomesha mtoto, nimepata mzururaji." Basi nikatumwa mimi, kwa kuwa ni mwalimu na ni babu yake, niende nikamrudishe.

Nilisafiri kwa mashua kutwa nzima, kusini mwa Kilwa. Kambi yenyewe ilikuwa juu ya kisiwa kidogo kisicho na kisima wala mkazi wa kudumu. Vibanda vilikuwa vya makuti. Maji ya kunywa yaliletwa kwa madumu kutoka bara. Simu ilishika mawasiliano pale tu mtu alipopanda juu ya jabali moja, upande wa mashariki. Hakuna balozi wa nyumba kumi aliyekuwa na majina ya vijana wale katika daftari lake. Ukiwatazama kwa macho ya serikali ungesema hawapo.

Lakini nilikaa nao siku nne, na niliona mengi. Waliamka kwa maji, si kwa jogoo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapopevuka, walikuwa miambani wakitafuta pweza. Mavuno yalipouzwa, kwanza ziliondolewa gharama za mafuta, barafu na chakula. Kisha likatengwa fungu la chombo na nyavu. Kilichosalia kikagawanywa kwa watu. Mpishi, ambaye hakutia mguu baharini, alipata fungu lake. Kijana mmoja aliyelala na homa naye alipata fungu lake. Hapana aliyelalamika.

Usiku wa tatu nilimwita mjukuu wangu. Nilimwambia, "Baba yako anasema huna kazi."

Akajibu kwa adabu, "Babu, tangu alfajiri umeniona nimekaa?"

Nikamwuliza kazi hiyo ina kesho gani. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo sijui, Babu. Lakini na shamba la baba, kesho yake ni ipi? Minazi imezeeka, na sisi ndugu ni sita."

Sikuwa na jibu. Na katika kimya kile nilikumbuka jambo ambalo sijapata kulisimulia.

Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvukazi, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi anayoweza kuionesha. Nia yake haikuwa mbaya; nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka yalikuwa matupu, na chakula kilihitajika. Huko mijini, wale wasio na ushahidi wa kazi walikamatwa wakapelekwa vijijini na mashambani. Mimi nilikuwa mwalimu kijana katika mji mmoja wa pwani, na kwa kuwa nilikuwa na hati nzuri, viongozi wa mtaa waliniomba niandike orodha. Ufukweni palikuwa na kijana mmoja aliyeshinda chini ya mkungu, akishona nyavu. Nilimwuliza, "Mwajiri wako ni nani?" Alicheka, akasema, "Kila mwenye wavu uliochanika." Mbele ya jina lake niliandika: Hana kazi. Baada ya siku mbili alichukuliwa, na sikumwona tena. Wavuvi walimtafuta juma zima, nyavu zao zimelala mchangani.

Nimejiuliza tangu hapo kilichonipofusha ni nini. Naona ni jambo tulilolirithi. Marehemu baba yangu alikwenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, akatafute fedha ya kodi ya Mkoloni. Huko kazi ilikuwa ni kipande: siku 30 zikitiwa alama, ndipo mtu alipwe. Mpaka anakufa, baba aliamini kwamba kazi isiyo na kipande si kazi. Mimi nilimcheka, kumbe nami nilikuwa na kipande changu, yaani barua ya ajira. Tulichokiheshimu sote wawili ni ile karatasi inayoishuhudia kazi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuuliza karatasi. Liliwasifu wanawake wa vijijini kwa jasho lao, likawakemea wanaume waliokuwa wakipumzika huku wana mashamba yao. Baadhi ya wanaume hao ndio wazee wanaowaita vijana wa leo wavivu. Swali la Azimio lilikuwa jepesi na zito: mtu huyu anakula jasho la nani?

Sisemi kwamba kila mwenye kutangatanga anastahili sifa. Huko dago niliwasikia wanaotamani baruti, ambayo huua samaki na makulia yao pamoja. Niliona watoto waliopaswa kuwa darasani. Niliona pia fedha ya mwezi ikimalizwa kwa usiku mmoja. Mjukuu wangu nilimwonya juu ya hayo, naye akakubali kurudi kila masika kumsaidia baba yake kupanda. Sikumrudisha. Nilirudi na kikapu cha ng'onda, fungu la mama yake. Mkwe wangu alikipokea kikapu, lakini na mimi hakusema neno kwa miezi miwili.

Walimu wenzangu, kila mwaka tuliwapa wanafunzi wetu insha ya kuulaani uzururaji, nao wakaiandika vizuri. Yafaa sasa tuwatume kwanza waende wakawaulize wazee wao: walifanya kazi gani, na ni nani aliyeipima?

Ama yule kijana wa mkungu, jina lake nalikumbuka hata leo. Laiti ningelirudishiwa lile daftari, mbele yake ningeandika maneno mawili: Hushona nyavu.