Kwanza Msafiri Mwenza, Kisha Mkwe



Waarabu wana msemo wa kale: tafuta mwenza kabla ya njia, na jirani kabla ya nyumba. Nasi watu wa pwani tunapoozesha mabinti zetu, aghalabu huanza na nyumba: watakaa wapi, ana kazi gani, ukoo wake ni upi, mahari ni kiasi gani. Maswali hayo yana haki yake. Lakini imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar bin al-Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, naye akamwuliza mambo matatu: je, u jirani yake? Umewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Umewahi kusafiri naye? Yule mtu alipojibu la kwa yote matatu, Sayyidna Umar alimwambia kuwa basi hamjui. Huenda amemwona msikitini tu, akiinama na kuinuka.

Kisa hicho kilitukaa moyoni mwezi wa Julai, kijana mmoja wa Kikamba, mzaliwa wa Machakos, alipoleta posa ya binti yetu. Amesilimu miaka mitatu iliyopita, ni fundi wa umeme hapa Mombasa, na msikitini hakosekani safu ya mbele. Katika ukoo maneno yakawa mengi. Shangazi mmoja alisema kuwa mtu wa bara asili yake haijulikani. Mjomba mmoja akasema kuwa aliyesilimu juzi huweza kugeuka kesho. Wengine walimsifu mno, nao hawakumjua zaidi ya wale waliomkataa. Sisi ndio walii wa binti huyu, na mbele ya Mola tutaulizwa sisi. Tukamwambia kijana: tupeleke kwenu tukamwamkie mama yako, kisha tutembee kwa miguu juu ya milima yenu mpaka kwenye lile bwawa unalolitaja kila siku.

Tulipanda basi la usiku, tukateremka Kyumbi, njia panda ya Machakos, kabla ya alfajiri. Wasomaji wetu waliozoea joto la Mombasa wasiudharau msimu wa kipupwe kule bara. Mji wa Machakos uko yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai ukungu hulala juu ya vilima hadi mchana. Tulikuwa tumevaa koti juu ya kanzu, na bado meno yaligongana. Kijana alitazama miguu yetu, akauliza kwa adabu: “Sheikh, je, soksi hizi za pamba zafaa kupakwa maji wakati wa udhu, kwa baridi hii?” Tukamweleza kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii kinachopakwa ni khofu, kivazi cha mguu kama kile cha ngozi, kisichopenyeza maji, nacho kivaliwe baada ya udhu kamili, mkaazi hupewa usiku na mchana mmoja, na msafiri siku tatu na usiku zake. Soksi za pamba hazimo. Hakubishana wala hakunung’unika. Alivua viatu, akaosha miguu yake kwa maji yaliyokuwa kama barafu.

Mama yake anaishi kwenye mteremko wa milima ya Iveti. Ni mjane, Mkristo, mwanamke wa makamo mwenye mikono migumu ya jembe. Kijana alipofika alivua kofia, akainama, akamwita “Mwaitu”, yaani mama kwa Kikamba, na sauti yake ilikuwa laini kuliko tuliyoizoea. Mama alikuwa ametupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe. Akatuonyesha sufuria: ilikuwa mpya, ameinunua kwa ajili yetu, na mafuta yake ni ya mimea. “Mwalimu,” alisema, “nilimwuliza mwanangu mnachokula na msichokula, ili usile kwangu kwa mashaka.” Tukala, tukashukuru.

Kisha akatuketisha juu ya kigoda nje, akatuonyesha shamba lake. Lilikuwa limekatwa ngazi ngazi kutoka juu hadi chini. Matuta hayo wataalamu wa udongo ulimwenguni huyaita kwa Kiswahili chetu, “fanya juu”, kwa kuwa mchimbaji huchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, hata mvua ikinyesha udongo hukaa badala ya kuporomoka. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliitazama ardhi ya Machakos ikimomonyoka wakaona itageuka jangwa. Lakini kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka takriban mara tano, na mmomonyoko umepungua. Watafiti waliandika kitabu juu ya ajabu hiyo mwaka 1994. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na vikundi vya ushirika viitwavyo mwethya, na humo wanawake walikuwa ndio nguzo: leo shamba la huyu, kesho la yule. Mama huyu alichimba matuta yake akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele yetu akitaka kuoa.

Ndipo alipotuuliza swali lililokuwa zito kuliko mlima wote tulioupanda baadaye. “Mwalimu, alipobadili dini nilinyamaza, kwa kuwa ni mtu mzima. Sasa akimwoa binti yako, atabaki kuwa mwanangu, au nitakuwa nimempoteza?”

Tulimjibu kwa yale tuliyofunzwa. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake, ambaye hakuwa Muislamu. Asmaa akamwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama aunge naye udugu, naye akamwamuru amuunge. Haki ya mama haifutwi na tofauti ya dini. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa polepole. Hakusema ameridhika. Tukafahamu kuwa jibu analolisubiri si la midomo yetu.

Tulianza kupanda mchana ulipokaribia. Njia ilipita kwenye mashamba kisha ikaingia msituni, na ukungu ukawa mzito hata hatukuona hatua ishirini mbele. Kijana alikwenda mbio. Ni hodari wa miguu, na mara mbili ilibidi tumwite apunguze mwendo. Mara ya pili alijibu kwa mkato, “Nakuja, Sheikh,” kama mtu aliyekatizwa kazi. Tuliliweka neno hilo akilini. Mbele kidogo alisimama kwenye njia panda, akageuka, akasema: “Sheikh, hapa sijui. Njia hii imebadilika tangu nilipoondoka.” Hakubahatisha kutupitisha porini ili kuilinda heshima yake. Alingoja, na mwanamke aliyebeba kuni alipopita, akamwamkia, akamwuliza, akampokea mzigo na kumtwikia mbele hadi mahali pa tambarare kabla hatujafuata njia aliyotuelekeza.

Juu ya mgongo wa mlima tulipumzika. Upande wa kaskazini, nyuma ya mawingu, uko Mlima Kenya. Tulimkumbusha kijana kwamba mwaka 1848 mmisionari Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara wa hapa pwani, aliiona theluji ya Kilimanjaro. Mwaka 1849 mwenzake Krapf, akiwa Kitui kwa mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba aitwaye Kivoi, aliuona Mlima Kenya. Huko London msomi Cooley alikataa kuwa theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Na huyo Kivoi misafara yake ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka Mombasa. Wakamba na watu wa pwani walijuana kabla ya reli. Anayesema asili yao haijulikani na awaulize babu zake walimuuzia nani nguo na shanga.

Tuliteremka alasiri ikiwa karibu, hadi bwawa la Maruba, linalowapa maji wakazi wa mji. Maji yalikuwa ya kijivu, yametulia, na upepo wa baridi ulipita juu yake. Tukatawadha ukingoni. Kijana alieneza koti lake juu ya majani mabichi ili sisi tusujudu pakavu, yeye akasujudu kwenye umande. Baada ya sala alisema bila kuulizwa: “Sheikh, kipato changu ni kidogo, na kila mwezi namtumia mama sehemu yake. Binti yako alijue hilo kabla ya kukubali.”

Tuliporudi Mombasa tulimwita binti yetu mbele ya mama yake, tukamsimulia yote pasipo kuongeza wala kupunguza. Ana heshima kwa mama yake, husema sijui asipojua, haogopi kutaja uchache wa mali yake. Na ana haraka, na akichoka hujibu kwa mkato. Binti alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Baba, la haraka nitazungumza naye mwenyewe. La mama yake nimelikubali.” Sisi tuliipokea posa kwa sharti moja: kabla ya nikahi mama yule aje nyumbani kwetu, apokewe na wanawake wa ukoo, na siku ya harusi aketi mbele pamoja na mama wa bibi harusi. Shangazi aliyesema neno la asili ndiye tuliyemkabidhi kazi ya kumpokea kituoni.

Mama zetu na dada zetu, si kila mtu ataweza kupanda Iveti. Lakini kila familia yaweza kupata safari ya siku moja: kwenda kuzuru mgonjwa, kupeleka mzigo shamba, kuhudhuria maziko mbali. Mchukueni mchumba pamoja nanyi. Mtazameni akiwa na njaa, akiwa na baridi, akiwa amepotea njia, na zaidi ya yote akiwa mbele ya mama yake. Kisha mwambieni binti mlichokiona, kizuri na kizito, maana atakayeishi naye ni yeye. Allah awajaalie vijana wetu wenza wa njia njema, na azihifadhi nyumba zetu. Amin.