Vumbi Lisiloonekana

Mlango wa Zanzibar umeshasifiwa sana. Umepigwa picha, umetiwa kwenye kadi za posta, na tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, wageni husimama mbele yake wakaupapasa. Huambiwa hili waridi, huu mnyororo, hizi tende, huyu samaki. Lakini mie sijapata kusoma hadithi hata moja inayoeleza kile kinachotoka kwenye mti wakati wa kuchongwa, kikaenda kukaa kifuani mwa mchongaji. Nimemaliza skuli ya sekondari, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Naandika usiku. Mchana nafanya kazi katika kiwanda cha useremala cha ami yangu, huku huku vichochoroni. Leo nataka kuzungumza habari ya vumbi, na namna tulivyochagua filta za kulizuia. Usicheke. Ndani yake mna roho za watu.

Zamani mchongaji alikaa barazani au uani. Nyumba zetu za mawe zilikuwa na akili yake: kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu, na ua katikati, hewa ya moto ikipanda na kutoka, ya ubaridi ikiingia kutoka vichochoroni. Tena kazi ilikuwa ya patasi na nyundo. Patasi hutoa vipande, vikaanguka chini, ukavizoa kwa ufagio, basi. Siku hizi ipo mashine ya msasa. Mashine haitoi vipande, hutoa unga, na unga haushuki upesi. Majirani wakalalamika kuwa nguo zao walizoanika zinarudi ndani na rangi ya mninga. Ami akafunga madirisha ya upande wao, na ili watu wasife kwa joto akatia eisii ya dirishani. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Chumba kikawa baridi, kweli, lakini hewa ikawa ni ile ile, inazunguka na vumbi lake, inatoka kifuani kwa huyu inaingia kwa yule.

Fundi wa mafriji akawa mgeni wetu wa kila mwezi. Akifungua chombo hukuta unga umechanganyika na maji ya ubaridi ukawa uji, na mabomba ya ndani yamefanya barafu. "Bwana, eisii yenu inakula mbao," alisema siku moja. Akanionesha filta yake: wavu wa plastiki tu, matundu yake unayaona kwa macho. Huzuia nyuzi, nywele na vumbi nene. Wavu ule umetiwa kuilinda mashine. Wewe unayevuta hewa humo haukuhusu.

Na ami anakohoa. Si kikohozi cha mafua, ni kile kikavu cha alfajiri, mtu anakohoa mpaka anashika ukuta. Ukimwambia, jibu lake ni moja: "Wachongaji wote wanakohoa, mwanangu. Vumbi ndio riziki." Lakini riziki hii ina meno. Unga wa mvule na wa mninga huwasha ngozi, na baadhi ya watu huwaletea pumu. Mwaka 1995 IARC, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulitangaza kuwa vumbi la mbao ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ndani ya pua. Nilipomsomea haya ami alinyamaza, akarudi kwenye patasi yake. Barakoa haitaki. Anasema inamtia ukungu kwenye miwani, na kwamba mti lazima uunuse kabla hujaukata.

Kwa hiyo nikajiuliza: ikiwa mtu hataki kuvaa chujio, je, chumba hakiwezi kuvaa kwa niaba yake?

Hapa naomba msomaji univumilie kidogo kwa hesabu. Unywele wa binadamu una upana wa mikroni kama 70. Vumbi nene huzuiwa na pua yako. Chembe zilizo chini ya mikroni 10 huweza kupita puani na kooni, na zile zilizo chini ya mikroni 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Yaani lile vumbi tunaloliona likicheza kwenye mwale wa jua, tukalipiga kwa mkono na kulilaani, silo hatari zaidi. Hatari zaidi ni lile ambalo hulioni. Marekani filta za nyumba hupangwa kwa kipimo kiitwacho MERV, kutoka 1 mpaka 16. Filta ya 8 hunasa angalau asilimia 70 ya chembe za mikroni 3 mpaka 10, lakini kwa zile ndogo kabisa haina ahadi yoyote. Filta ya 13 hunasa asilimia 90 ya hizo kubwa, na angalau nusu ya zile za chini ya mikroni moja.

Basi si tuchukue ya 13 tuitie kwenye eisii, yaishe? Binamu yangu yuko Muscat, kazi yake ni kutengeneza eisii. Akanijibu kwa simu: "Hebu tulia. Filta haichaguliwi kwa sifa yake, inachaguliwa kwa nguvu ya feni. Eisii hiyo ndogo ukiivisha kitambaa kizito utaikaba roho. Hewa haitapita, barafu itazidi, na mtabaki na joto na vumbi vyote viwili." Akanishauri eisii tuiachie wavu wake, tuuoshe kila wiki kwa maji, na tuunde chombo cha pili cha kusafisha hewa peke yake.

Chombo chenyewe si siri. Mwaka 2020, wakati wa korona, Wamarekani wawili, Richard Corsi na Jim Rosenthal, walieneza boksi la kujitengenezea: filta zimesimama kama kuta, feni juu, utepe wa gundi pembeni. Feni huvuta hewa kupitia kuta zile na kuitoa juu ikiwa safi. Kwa nini filta nne na si moja? Kwa sababu hewa ikigawanywa kwenye kuta nne, kila moja inapumua polepole na feni haichoki. Ndiyo maana pia karatasi yake imekunjwa kunjwa kama sketi ya skuli: mikunjo huongeza eneo bila kuongeza ukubwa.

Filta nne za 13 zikaja na mgeni kutoka Muscat wakati wa Iddi, pamoja na tende. Juu ya boksi pameandikwa kuwa zinafaa kwa mfumo wa kupasha joto na kupooza. Ami akacheka sana: "Joto hapa tunalo la bure." Lakini alipoona karatasi na utepe wa gundi, useremala ukamshika. Akasema kitu cha kufungwa kwa utepe hakikai kiwandani kwake. Akapima mwenyewe, akaunda fremu ya mbao yenye mifereji, kila filta inateleza na kuingia kama droo.

Katika kufunga ndipo penye kazi. Pembeni ya filta pana mshale unaoonesha hewa inakokwenda, na kwetu lazima uelekee ndani, kwenye feni. Kisha mianya. Hewa ni mvivu, hupita penye njia rahisi; ukiacha ufa wa unene wa kidole, vumbi litapita hapo na filta yako itabaki pambo. Tukabandika sponji kwenye mifereji yote. Kujua kama pamezibika tulitumia udi: unawasha, unapitisha moshi taratibu kwenye pembe zote, na pale moshi unaponyonywa ghafla ndipo penye ufa. Tulikuta mahali pawili. Nje tukavisha kitambaa chepesi cha kuzuia unga mnene, hicho kinafuliwa. Filta za karatasi hazifuliwi, na kuzipuliza kwa pampu ya upepo ni kuzitoboa. Wakati wa masika tunaliinua boksi juu ya meza, maana karatasi ikilowa huota ukungu.

Sasa zimepita wiki kumi na moja. Fundi wa mafriji amekuja mara moja tu. Kitambaa cheupe tunachokiacha mezani usiku hakiamki tena na rangi. Lakini sitaki kumdanganya msomaji: ami bado anakohoa. Filta haitoi kilichokwishaingia. Tena mtu aliyeinamia mashine ya msasa huvuta unga kabla boksi halijaufikia. Kwa hilo tuliwekeana sharti: akishika patasi, uso wazi, anuse mti wake, akishika mashine, barakoa. Amekubali kwa shingo upande, akasema anakubali kwa ajili ya vijana wawili wanaojifunza kwake, wasije wakaiga kifua chake pamoja na mkono wake.

Lililobaki ni fedha. Filta hujaa, na zikijaa lazima zinunuliwe nyingine. Mteja wetu mmoja wa hoteli alitaka apunguziwe bei ya mlango. Ami akamwandikia hesabu upya: mbao, misumari ya shaba, kazi, na chini yake mstari mmoja, "hewa". Mteja akauliza hewa ni nini. Ami akamchukua mpaka ndani, akachomoa filta moja iliyokuwa nyeupe, sasa ina rangi ya chai ya maziwa, akamwambia, "Hii ingekuwa ndani ya watoto hawa."

Alilipa. Na mie nimeutia mstari ule kwenye riwaya yangu.