Kikombe cheupe kisicho na mkono

Ukiiacha bandari ya Quanzhou, kusini-mashariki mwa China, na kupanda milima ya jimbo la Fujian, unafika Dehua. Watu wa hapa wamechoma vyombo vya kauri kwa karne nyingi. Mwaka 2021 UNESCO iliyaweka magofu ya tanuri zao katika Urithi wa Dunia, pamoja na maeneo mengine ya Quanzhou.

Siri iko ardhini. Udongo wa Dehua una chuma kidogo mno, hivyo ukichomwa kwa moto mkali hutoka mweupe kama maziwa bila kupakwa rangi. Kikombe chembamba ukikiinua kwenye mwanga, kivuli cha vidole vyako huonekana kwa ndani.

Mwishoni mwa karne ya 17, meli za Waingereza na Waholanzi zilivipeleka vikombe hivi Ulaya, pamoja na majani ya chai. Shida ikawa moja: havikuwa na mkono, na chai ni ya moto. Wapo walioimimina kwenye kisahani ipoe, wakainywa humohumo, kama wazee wengi wa huku wafanyavyo hadi leo.

Ujerumani, Augustus, mtawala wa Saxony, alikusanya kauri za Dehua, na kiwanda cha Meissen, kilichoanzishwa mwaka 1710, kikaziiga. Baadaye vikombe vya Ulaya vikazoea kuwa na mkono.

Mkono uliokoa vidole, lakini uliondoa onyo. Kikombe kitupu cha namna hii kikikuchoma, unajua chai bado haijafaa mdomoni. Chenye mkono hakikuambii kitu. Na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, ugonjwa unaoisumbua sana Afrika Mashariki. Halafu kuna mtoto anayejifunza kusimama: mkono uliochomoza ukingoni mwa meza ndio anaoudaka kwanza.

Fujian bado hunywa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, ndugu wa vile vya kahawa ya barazani Lamu na Zanzibar. Chai humiminwa kidogo, kikombe hushikwa ukingoni kwa ncha za vidole, na kikiwa cha moto mno hurudishwa mezani huku mazungumzo yakiendelea.