Motokaa Isiyobisha Hodi

Kimya ni sifa iliyokubaliwa na wazee wetu. Mtoto mkimya huitwa mwenye adabu, na debe tupu ndilo lisiloacha kuvuma. Nilikulia katika mafundisho hayo, nikayapokea, na kwa miaka mingi nimewafundisha wengine. Lakini lugha yetu ina mizani ya haki. Haikuweka uzito wote upande mmoja. Husema pia kuwa simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Methali hiyo nilizoea kuwaeleza wanafunzi wangu kama sifa ya subira. Siku moja huko Nachingwea nilijifunza kuisoma kwa upande wa yule anayeliwa.

Ninaye mjomba, kaka wa mama yangu. Kwetu sisi Wamwera mjomba si jamaa wa mbali. Ndiye nguzo ya ukoo, na neno lake katika nyumba ya dada yake lina uzito. Mjomba wangu amekuwa kipofu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila siku hutembea kwa fimbo yake kutoka nyumbani hadi msikitini, na kutoka msikitini hadi sokoni, akifuata ukingo wa barabara. Sikio lake limejifunza kazi ya jicho. Hutambua lori lililojaa korosho na lori tupu. Hujua pikipiki ya nani inapita, na kama mwenyewe amekwenda nayo kwa fundi wiki hiyo au hakwenda. Watu humsifu kwa ujasiri. Yeye hujibu kwamba si jasiri, anasikia tu.

Mwezi wa Novemba 2023 nilifika kwake kutoka Dar es Salaam kwa motokaa niliyoazimwa na rafiki. Ilikuwa motokaa ya mseto, yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Iendapo polepole, injini hulala na umeme peke yake huisukuma. Nilikuja kumchukua mjomba twende Ruangwa kwenye arobaini ya jamaa yetu. Niliiegesha chini ya mwembe, tukanywa chai, kisha nikatangulia kuigeuza. Mjomba, ambaye hakusikia kitu, alidhani sijaondoka mahali pangu, akapita nyuma yangu kwenda kuchukua kofia yake iliyoanikwa. Nikarudi nyuma bila kutazama vya kutosha. Nilisikia mlio wa mti unaovunjika. Ulikuwa mlio wa fimbo yake.

Mungu alimhifadhi. Alianguka kwa ubavu, kifundo cha mkono kikateguka, na maisha yake yakabaki. Nilipiga magoti mbele yake nikitetemeka, sina neno. Yeye alipapasa vumbi akitafuta nusu ya fimbo, akasema kwa sauti ya utulivu: “Mpwa wangu, gari lako halina adabu. Limenijia bila kubisha hodi.”

Neno hilo halijaniacha. Katika nchi yetu mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia. Mgeni husimama nje, hupaza sauti, hungoja kuitikiwa. Hodi si woga wala kelele. Ni heshima ambayo mwenye kuja humpa aliyepo, ili asikutwe bila kujiandaa. Motokaa za zamani, kwa ubaya wao wote wa moshi na ngurumo, zilibisha hodi pasipo kukusudia. Hakuna aliyezifundisha, mngurumo ulikuwa hasara ya injini. Hasara hiyo ikawa faida ya kipofu, ya mtoto mwenye kucheza, na ya mama mwenye kuni kichwani asiyeweza kugeuza shingo.

Tulipokwisha kumfunga mkono, mjomba alishikilia tuende. Barabara ya Ruangwa ilikuwa ya vumbi. Mara mwendo ulipozidi, tairi zikaanza kulia juu ya changarawe, naye akacheka: “Sasa nalisikia.” Katika cheko hilo alikuwa ameeleza elimu nzima ya jambo hili. Motokaa ya umeme iendapo kasi husikika kwa tairi na upepo kama nyingine. Ukimya wake wa hatari umo katika mwendo mdogo, yaani penye watu: uani, sokoni, kituoni, mlangoni pa shule.

Njiani alinisimulia garimoshi aliloliona utotoni, kabla macho yake hayajafumbwa. Reli ile ilijengwa kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga, ambao Waingereza waliuanza 1947 na kuuacha 1951. Yenyewe ikang’olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960. “Lilikuwa linatangaza safari yake mapema,” alisema. “Hata mbuzi walijua.”

Kisha akauliza motokaa yangu inakula nini. Nilimweleza habari za betri, na nilipofika kwenye madini nilisita, maana tulikuwa tukipita juu yake. Wilaya ya Ruangwa ina kinywe kingi, na kinywe ndicho kijazacho ncha hasi ya betri nyingi za motokaa za umeme. Huko Ntaka, wilayani Nachingwea, imegunduliwa nikeli, ambayo huingia katika ncha chanya ya nyingi kati yake. Mjomba akanyamaza kidogo. “Kumbe,” akasema, “udongo wetu unapelekwa ng’ambo kufundishwa kunyamaza.”

Niliporudi chuoni nilitafuta wengine wanasemaje, nikaona kwamba mataifa yenye motokaa hizi kwa wingi yamekwisha litambua kosa la kimya. Marekani ilipitisha sheria yake mwishoni mwa 2010. Umoja wa Ulaya uliamuru mwaka 2014, na tangu Julai 2021 kila motokaa mpya ya umeme au ya mseto iuzwayo huko lazima itoe sauti ya kuonya kuanzia inapoondoka hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa, na irudipo nyuma. Japani ilitoa mwongozo mwaka 2010, na kuanzia 2018 ikaufanya kuwa sharti kwa aina mpya.

Mwaka 2024 wataalamu wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walitangaza uchunguzi wa ajali za Uingereza za miaka ya 2013 hadi 2017. Walikuta kwamba, kwa kila maili iliyosafiriwa, motokaa za umeme na za mseto ziligonga waendao kwa miguu mara mbili ya zile za petroli na dizeli. Mijini zilikuwa mara tatu. Mashamba hakukuwa na tofauti. Msomaji aweza kusema kuwa habari hii yatutoa hofu sisi wa mashamba. Mimi sioni hivyo. Mashamba yetu si mashamba ya Uingereza. Siku ya mnada barabara yetu ni soko, na asubuhi ni njia ya watoto mia waendao shule.

Tena motokaa nyingi zitufikiazo zimekwisha tumika Japani miaka mingi. Ile iliyoundwa kabla ya sharti la sauti haipati sauti kwa kuvuka bahari. Kwa hiyo yamkini tukarithi ukimya ambao wenyewe wamekwisha uacha. Naamini haki yataka mnunuzi aulize juu ya sauti kama aulizavyo juu ya breki, na serikali iulize kabla yake, bandarini.

Hata hivyo sitaki kuficha kosa langu nyuma ya mashine. Nilimwambia mjomba kwamba motokaa mpya zimewekewa sauti. Alifurahi, kisha akauliza: “Na mvua ikipiga bati? Na yule asiyesikia?” Sikuwa na jibu. Akaendelea: “Sauti hunipa nafasi ya kukimbia. Lakini nani aliyekuambia kwamba kukimbia ni kazi yangu?”

Hapo nilijua kwamba hodi haimalizi adabu. Mgeni hubisha, kisha hungoja. Sauti ya motokaa ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni subira ya mwenye usukani, nayo haiuzwi pamoja na gari. Siku ile chini ya mwembe motokaa ilikosa ya kwanza, nami nilikosa ya pili. Na kosa langu lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu mimi nina macho.

Nilimchongea fimbo nyingine ya mpingo. Ni nzito kuliko ile ya zamani, naye husema ina sauti nzuri ikigonga jiwe. Tangu siku hiyo, kabla ya kurudisha motokaa yoyote nyuma, hushuka, huizunguka kwa miguu, na husema kwa sauti ya kusikika: “Hodi.” Wanafunzi wangu hucheka. Nami huwaacha wacheke, maana kicheko chao hunijulisha mahali waliposimama.