Mafuta yaliyonikosanisha na shangazi

Msomaji mpenzi, umewahi kumshuku mtu bure, kisha ukatamani ardhi ipasuke ikumeze? Mimi yamenikuta.

Ilikuwa mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikiuma hadi mifupani. Shangazi yangu alikuwa amenitumia kutoka Mombasa chupa ya mafuta ya nazi ya kumpaka mtoto. Alikuwa ameyapika mwenyewe. Asubuhi nilipoinamisha chupa, hakuna kilichotoka. Yalikuwa meupe, magumu kama mshumaa! Nikampigia simu. "Shangazi, umeyachanganya na nini haya?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi niliyekulea, leo nimdhuru mjukuu wangu?" Simu ikakatwa.

Jirani yangu, mwalimu wa sayansi, aliiweka chupa ile kwenye karai la maji ya uvuguvugu. Punde si punde mafuta yakawa majimaji, safi kabisa.

Kila kitu, alinieleza, ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huvutana, lakini pia hazitulii, na joto huzidi kuzichangamsha. Mvutano ukishinda, hushikamana na kitu kikawa kigumu. Joto likizidi, huanza kuteleza, kitu kikawa majimaji. Zikiponyoka kabisa, kila moja hushika njia yake: ndiyo gesi.

Ila hazivutani sawa. Tazama jikoni mwako asubuhi ya baridi, nyuzi 15 hivi. Gesi ya kupikia hutawanyika mara itokapo mtungini kwa kuwa chembe zake huvutana kinyonge. Maji hubaki majimaji. Mafuta ya nazi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, yameganda. Chembe zake nyingi zimenyooka, hupangika kama kuni kwenye tita na kushikana barabara. Za mafuta ya mahindi nyingi zina vikombo, hazipangiki vizuri, ndiyo maana hayajaganda. Baridi ni ileile. Kinachotofautiana ni mvutano.

Mombasa mchana hupita nyuzi 24 hata Julai. Shangazi hakuwa amewahi kuyaona yakiwa magumu vile.

Nilimwomba radhi, akanisamehe. Lakini chupa ya pili, msomaji, mpaka leo sijaiona. Hasira, hasara. Siku yako ikifika, tafuta kwanza maji ya uvuguvugu, simu baadaye.